Mandolini ya Mjomba Donato

Maestro, kiongozi wa okestra yetu, alipouliza nani kati yetu wapiga fidla angeweza kushika mandolini kwenye serenata, wimbo wa kumwimbia mpenzi dirishani, ya sehemu ya pili, tulinyamaza wote kama watoto walioulizwa nani kavunja dirisha. Mpigaji aliyekodiwa alikuwa amegombana na uongozi wa ukumbi, akarudi zake Salerno, na onyesho lilikuwa limebakiza majuma machache tu.

"Nyuzi zinafungwa sauti zilezile," maestro alisema, akitutazama mmoja mmoja. "Sol, re, la, mi. Mkono wa kushoto mnao tayari. Mnaogopa nini?"

"Mkono wa kulia," nilimnong'oneza Ersilia.

Ersilia Cacace na mimi tulikuwa tukisoma noti kwenye kinara kimoja tangu tulipokuwa wasichana. Fidla za pili, safu ya nyuma, yeye upande wa nje, mimi upande wa kufungua kurasa. Napoli nzima hakuna mtu niliyemjua vizuri kuliko yeye, mume wangu akiwemo. Aliposikia neno langu alicheka, akanikanyaga mguu ninyamaze, na katika kunikanyaga upinde wake ukainuka juu kama mkono wa anayejitolea.

"Asante, Cacace," alisema maestro, akaendelea na mambo mengine.

"Shoga, umeniua," Ersilia alininong'oneza.

"Umejiua mwenyewe. Mimi nimekaa kimya hapa."

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa Don Catello Buonocore, fundi wa mandolini, kwenye kichochoro nyuma ya lango la Port'Alba. Karakana yake ilinuka gundi ya moto na maganda ya machungwa. Alikuwa mzee mnene, mcheshi, na alipoona mikoba ya fidla mabegani mwetu alipiga makofi.

"Wapiga fidla! Karibuni, mabinti. Nawapenda nyinyi. Mnaingia hapa kama malkia, mnatoka mnalia."

"Mabinti wana miaka hamsini, Don Catello," nikamwambia.

"Basi mtalia kwa heshima."

Alimkalisha Ersilia kwenye kiti kisicho na mikono, akamwekea mapajani mandolini mpya ya mbao nyeupe, inayong'aa. Tumbo la mviringo la mandolini liliteleza kama samaki, na Ersilia, bila kufikiri, akainamisha kidevu kuibana.

"Kidevu hakina kazi hapa, mama. Iache ikulalie kifuani. Mguu mmoja juu ya mwingine. Ndiyo hivyo."

Alimpa kigamba cha kupigia nyuzi. Ersilia akaweka kidole mahali ambapo kwenye fidla angekiweka, juu kabisa ya mstari wa shaba uliokata shingo, na mandolini ikakoroma kama nyuki ndani ya kopo.

"Rudi nyuma ya mstari kidogo. Kwenye fidla sikio lako linatafuta mahali. Hapa fundi keshakutafutia, wewe tia kidole tu."

Kidole kilizoea upesi. Ila sauti ilikuwa ikifa. Mpiga fidla huvuta upinde na sauti ikaishi mpaka atakapochoka yeye. Kwenye mandolini unagonga, inalia, imekwisha. Kuifanya iishi lazima kigamba kipande na kushuka juu ya nyuzi kwa kasi mpaka mapigo mengi yawe sauti moja inayotetemeka. Ersilia alijaribu. Ilisikika kama kuku akichakura bati.

"Nusu mwaka," alisema Don Catello. "Wenye bidii, miezi minne."

"Nina majuma machache."

"Basi kuku atachakura mbele ya watu."

Alimpa ya pili, ya zamani zaidi. Nyuzi zake zilikuwa juu mno, zikamkata ncha za vidole. Nyuzi za mandolini huenda jozi jozi, na mbili zinauma kuliko moja. Akairudisha. Ndipo akanyoosha kidole juu ya kabati.

"Na ile?"

Mimi sikuwa nimeona kitu pale juu. Nilipotazama vizuri niliona ipo, nyeusi nyeusi, imelala ubavu kati ya makopo ya vanishi.

"Ile siyo," Don Catello alisema.

"Siyo nini?"

"Siyo ya kuchagua." Kisha akajikuna shingo. "Mwenyewe alisema atakayeiulizia apewe. Lakini imekaa hapo mwaka mzima na hajaiulizia mtu. Watu hata hawaioni."

Aliishusha kwa mikono miwili. Ilikuwa imesuguliwa rangi mahali pamoja, chini ya tundu la sauti, pale vidole vya mpigaji vinapogusa ubao anapotetemesha. Mtu alikuwa ameipiga miaka mingi. Ersilia aliipakata na haikuteleza. Vidole vyake vidogo vikatua palepale palipochakaa, kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake.

Akapiga.

Sijui niseme vipi. Sauti haikufa. Ilitoka ikitetemeka sawasawa, nyembamba, ndefu, kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo, na ikapanda ikashuka pale alipotaka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea kabisa, kifundo tu kinacheza. Alipiga mistari yote ya serenata, akasimama, akatutazama akicheka kwa mshangao.

Don Catello hakucheka. "Mama, umeanza lini kupiga mandolini?"

"Nilipokaa kwenye kiti hiki."

Mzee alimwangalia ule mkono kwa muda. "Wa kushoto umekuja nao," alisema polepole. "Huo wa kulia sijui umeutoa wapi."

Tulitoka pale tukiwa na furaha. Tulinunua maandazi ya moto ya sfogliatella, tukala njiani, sukari ikatujaa kwenye makoti. Nakumbuka nilimwambia, "Una kipaji, mchawi wewe," naye akasema mkono umemfia ganzi kidogo, labda kwa baridi. Ilikuwa Aprili na jua lilikuwa kali.

Siku za kwanza alinipigia simu kila asubuhi kunieleza maajabu yake. Kisha akaanza kunieleza mambo mengine.

"Olimpia, nikimaliza serenata unakuja wimbo mwingine."

"Wimbo gani?"

"Siujui. Kama wa kumbembeleza mtoto. Unakwenda vizuri, halafu unafika mahali unakatika. Unarudi mwanzo. Unakatika palepale."

"Si uache kuupiga."

"Ndiyo hivyo," alisema. "Kuuacha ni shida."

Jumapili nilikwenda kwao kula chakula cha mchana. Mumewe, Gaspare, alikuwa amepika viazi na pasta na jibini ya moshi, na tulikuwa tukizungumza habari za mpira nilipoona uma wa Ersilia unagonga sahani. Alikuwa ameweka mkono wa kulia mezani na mkono ule ulikuwa ukitetemeka, kwenda na kurudi, upesi na kwa mpango, kidole gumba na cha shahada vikiwa vimebanana kana kwamba vimeshika kitu. Yeye alikuwa akimsikiliza Gaspare. Hakuwa na habari.

Gaspare aliufunika kwa kiganja chake kama mtu aliyekwisha kuzoea. Mkono ukaendelea chini ya kiganja.

"Daktari kasema hauna kitu," aliniambia kwa sauti ya chini wakati Ersilia alipokwenda kuchukua kahawa. "Mishipa mizima, kila kitu kizima. Lakini ushike, Olimpia, ni wa baridi. Na nguo zake za kulalia zina vumbi, upande huu wa kulia. Vumbi jeupe, kama la chokaa. Nazikung'uta kila asubuhi. Sisi hatuna ukuta unaomomonyoka."

Nilimwambia Ersilia airudishe ile mandolini. Alikasirika, akasema nina wivu. Kisha akasema, kwa sauti tofauti, kwamba alikwisha kujaribu kuiacha. Aliifungia kabatini na kuketi sebuleni, na mkono ukapiga nguo yake mpaka ukaitoboa.

Yaliyotokea kwenye mazoezi ya jukwaani watu wa ukumbi wetu wanayasimulia mpaka leo, kila mtu kwa namna yake. Mimi nilikuwa ubavuni kwake. Mwimbaji alisimama chini ya dirisha la kadibodi, Ersilia akaanza serenata, na ilikuwa nzuri mno hata wapiga tarumbeta wakaacha kupiga porojo. Mwimbaji akamaliza. Maestro akafunga ngumi hewani kutukatiza. Tukanyamaza wote.

Ersilia akaendelea.

Ulikuwa ndio ule wimbo. Ulikwenda, ukakatika, ukarudi mwanzo. Maestro akagonga fimbo yake. "Cacace, asante, inatosha." Ukaenda, ukakatika, ukarudi. Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu akaacha. Nilimtazama usoni: machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Siwezi kuacha," alininong'oneza. "Nishike."

Nilimshika juu ya kiwiko. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu sisi tunaijua mikono. Mtu anapotetemesha, misuli ya mkono inafanya kazi, unaisikia chini ya ngozi. Mkono wa Ersilia ulikuwa umelala kama wa mtoto aliyesinzia. Hakuna kilichokuwa kikisogea ndani yake. Kiganja tu kilikwenda peke yake pale mwisho, na kilikuwa cha baridi kama jiwe la kisimani.

Nilikichomoa kigamba katikati ya vidole vyake kwa nguvu. Vidole viliendelea kwenda hewani kidogo, kisha vikatulia. Mwimbaji alifanya ishara ya msalaba.

"Pumzika, Cacace," maestro alisema hatimaye. Alikuwa mweupe kama karatasi zake za noti.

Kesho yake Don Catello alitufungulia mlango kabla hatujabisha.

"Nilijua mtarudi," alisema. "Mandolini hii aliniletea binti mmoja kutoka milimani, Castelrovo, kule tetemeko la ardhi lilikopiga. Alisema anataka itoke nyumbani kwake lakini isitupwe. Nilimwuliza ni ya nani. Akasema ya mjomba wake. Nikamwuliza kwa nini asiiuze kwa mtu anayemjua, akasema kwa sababu wote wa kule waliisikia."

"Waliisikia wapi?" Ersilia aliuliza.

"Hakusema, mama. Na mimi sikumwuliza. Ningewaambia mapema, lakini mkono ule ulikuwa umependeza mno."

Tulipanda basi la asubuhi. Barabara ilipanda katikati ya mashamba ya njugu za hazeli, ukungu ukazidi, na njia nzima mkono wa Ersilia ulikuwa ukicheza juu ya mkoba wa mandolini kama panya ndani ya gunia. Abiria mmoja alihama kiti.

Castelrovo ilikuwa miji miwili: juu, mji wa zamani, kuta bila mapaa na miti imeota vyumbani; chini, nyumba za mbao za muda ambazo serikali iliwapa watu wa tetemeko, na watu walikuwa bado wamo miaka yote hiyo. Katika moja ya nyumba hizo palikuwa na saluni. Incoronata, binti tuliyemtafuta, alikuwa akimsuka bibi mmoja. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mrefu, nywele fupi kama za mvulana. Aliuona mkoba, akaliweka chanuo chini.

"Bibi Lucia, njoo alasiri."

"Nusu kichwa changu kimesukwa!"

"Jifunge kitambaa, bibi yangu. Tafadhali."

Bibi naye akauona mkoba. Alitoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Incoronata hakutukaribisha kahawa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatuangalia kupitia kioo, na Ersilia alipomwonyesha mkono wake unavyokwenda, alifumba macho.

"Nilidhani akipata mtu mwingine atanyamaza," alisema. "Samahani, mama. Sikuwa na nia mbaya."

"Nani atanyamaza, mwanangu?"

Akatusimulia. Ilikuwa Jumapili jioni, alikuwa mtoto wa shule, wazazi wake walikuwa kanisani. Mjomba wake Donato alikuwa amebaki naye jikoni, anampigia mandolini. Alikuwa akimtungia wimbo wa siku ya komunyo yake ya kwanza na alikuwa hajapata mwisho wake. Kila akifika mahali fulani alisita, akacheka, akarudi mwanzo. Kisha nyumba ikaanguka.

"Palikuwa giza. Sikuweza kusogeza kitu isipokuwa kichwa. Nililia nikamwita mjomba, mjomba. Hakuitika. Lakini mandolini ikaanza kupiga. Karibu nami, hapa. Nikajua yupo. Nikamwambia, mjomba, usiache. Kila ilipokaribia kukatika nilimwambia, usiache, usiache. Akapiga usiku kucha, akapiga na siku iliyofuata. Askari walikuja kwa sababu ya sauti ile. Waliisikia wote, mji mzima, wale waliobaki. Walichimba wakiifuata."

"Wakawatoa," nilisema.

"Wakanitoa mimi. Yeye boriti ilikuwa imemwangukia kifuani. Daktari wa jeshi alisema alikufa papo hapo, nyumba ilipoanguka, na alishakuwa mgumu. Mandolini ilikuwa mikononi mwake, haina hata mkwaruzo. Mama yangu alipofariki mwaka jana ndipo nilipoikuta, aliificha miaka yote. Nikaufungua mkoba na usiku ule nikaisikia." Alijifuta uso kwa taulo la wateja. "Siwezi kuisikia tena. Mnanielewa? Nikiisikia niko chini ya mawe."

Muda wote huu Ersilia alikuwa amekaa, mkono wake unapiga paja. Ndipo akasema jambo ambalo mimi, na elimu yangu yote ya muziki, nisingelifikiria.

"Ulimwambia asiache."

"Ndiyo."

"Kuna mtu aliyemwambia sasa basi?"

Incoronata akageuka kwenye kiti. Alituangalia sisi wenyewe, si kwenye kioo. Alikuwa amejaa hofu kama mtoto.

"Siwezi, mama."

"Nitakaa karibu nawe. Mlango tunauacha wazi. Angalia, kuna mwanga."

Niliufungua mlango na madirisha yote mawili. Ersilia akaitoa mandolini, nikamrudishia kigamba. Ulianza mara moja, ule wimbo, na chumba kikajaa baridi na harufu ya chokaa iliyolowa. Vikombe vya rangi za nywele viliimba kwenye rafu. Incoronata alikishika kiti kwa mikono miwili. Wimbo ulikwenda, ukafika pale, ukakatika, ukarudi mwanzo.

"Mjomba," alisema. Sauti haikutoka vizuri. Akajaribu tena. "Mjomba Donato. Ni mimi, Natina, ulivyokuwa ukiniita. Wamenitoa, mjomba. Zamani. Nimekuwa mkubwa, nina saluni yangu. Niliogopa giza ndiyo maana nikakusumbua. Sasa hakuna giza. Umefanya kazi nzuri, mjomba wangu. Umechoka. Basi sasa. Pumzika."

Wimbo ulipunguza mwendo. Ulifika pale unapokatika siku zote, na vidole vya kushoto vya Ersilia vikasimama juu ya nyuzi, vikangoja. Aliniambia baadaye kwamba alihisi mtu akifikiri. Kisha vikateremka, na wimbo ukapita pale, ukaenda mbele, noti chache tu za utulivu, ukafika mwisho wake.

Mkono ukaanguka mapajani. Kigamba kikadondoka sakafuni. Nilimshika Ersilia kiganja: kilikuwa kinapata joto, taratibu, kuanzia kifundoni kwenda kwenye ncha za vidole, na alikuwa akilalamika kwamba kinamchoma kama mtu aliyelalia mkono wake.

Incoronata alilia sana. Kisha akatupikia kahawa, akatupa na mkate na soseji kavu, na kabla hatujala alituomba tumpigie ule mwisho mara moja tu, auweke kichwani. Hatukuweza. Sisi ni watu wa muziki, tukisikia kitu mara moja tunacho. Ersilia alijaribu, mimi nikajaribu kuuimba, na Incoronata akajaribu. Tulikuwa watatu na tuliusikia wote, na hakuna aliyebaki na hata noti moja.

Mandolini, Incoronata alikataa kuipokea. "Ni yako, mama. Wewe ndiye uliyeiulizia."

Asubuhi iliyofuata Ersilia aliishika jikoni kwake, na kuku alikuwa amerudi kuchakura bati. Tumbo liliteleza, vidole vilipiga juu ya mstari, kigamba kilinasa kati ya nyuzi mbili. Alipiga kelele za furaha, akanipigia simu nisikie jinsi anavyopiga vibaya. Baada ya siku chache furaha ikamwisha. Alikuwa ameishi majuma kadhaa na mkono unaojua, na sasa alikuwa na wake tu. Nilimkuta analia juu ya mazoezi ya watoto wanaoanza, na hakutaka kuniambia analilia nini.

Kwenye onyesho alipiga serenata kwa mapigo ya moja moja, bila kutetemesha, kwa kuwa maestro alikuwa ameirahisisha. Gazeti halikumtaja. Mwimbaji alimshukuru sana, tena kwa dhati.

Tangu hapo anakwenda kwa Don Catello kila Jumatano kujifunza, kama mwanafunzi yeyote. Mzee anamtukana, anamwambia ana mkono wa mpiga fidla, mgumu kama mguu wa meza, na yeye anamtukana mzee. Juzi nilipita kichochoroni nikawasikia. Sauti ilitetemeka kidogo, ikakwama, ikatetemeka tena. Don Catello akasema, "Miezi minne sasa, mama. Mtu wa bidii angekuwa amefika."

"Na mtu wa subira angekuwa amenyamaza," Ersilia akamjibu, akaanza upya.